Miaka Saba Ugenini: Kweli na Uongo Kuhusu Uraia wa Nchi Jirani

Kaa jioni moja kwenye kibaraza cha Lungalunga, Taveta au Namanga, uliza mtu anapataje uraia wa upande wa pili. Kabla kahawa haijapoa utakuwa na majibu matano, na kila jibu lina shahidi wake: binamu wa fulani, shemeji wa fulani. Bila shaka nawe umeyasikia. Mengine ni ya kweli. Mengine yamewapotezea watu miaka mingi ya maisha yao. Nimeyachukua yanayorudiwa sana kati ya Kenya na Tanzania nikayapima kwa sheria zenyewe: Katiba ya Kenya ya 2010 na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 kwa upande mmoja, Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 kwa upande mwingine.

"Ukishakaa miaka saba, wewe ni raia."

Si kweli, na hakuna uongo ulioumiza watu kama huu. Miaka saba inakupa ruhusa ya kuomba, basi. Tena inahesabiwa kwa masharti. Ibara ya 15 ya Katiba ya Kenya inadai uwe umekaa nchini kihalali na kwa mfululizo kwa miaka saba au zaidi. Tanzania ina hesabu yake: uwe umekaa nchini miezi 12 mizima kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, uwe umekaa jumla isiyopungua miaka saba. Ukijumlisha, ni miaka minane ndani ya kumi na mmoja. Uganda ni mbali zaidi: anayeomba uraia wa tajinisi huko anatakiwa awe amekaa jumla ya miaka 20.

Neno la kushika hapo ni "kihalali". Jirani yangu wa zamani Mombasa, fundi cherehani kutoka Tanga, aliniletea siku moja mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na vibali vyake vyote, vimekunjwa vikafungwa kwa uzi mweusi wa kushonea. Tukavipanga mezani kwa tarehe, cha zamani kushoto, kipya kulia. Katikati palikuwa na pengo la miezi 14. Ni mwaka ule mama yake alipougua, fedha zote zikaenda hospitali, kibali kikaisha na hakikufanywa upya. Mtaani walikuwa wakimhesabia miaka 16. Karatasi zilimhesabia minne. Alikaa kimya kwa muda mrefu akiutazama ule uwazi mdogo juu ya kitambaa cha meza.

"Ukijua Kiswahili umemaliza nusu ya kazi."

Kweli kwa kiasi. Lugha ni sharti pande zote mbili: Tanzania inataka ujue Kiswahili au Kiingereza, Kenya inataka Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji. Lakini wapo watu wanaozungumza Kiswahili kitamu tangu utotoni na hawana hata kipande cha karatasi. Lugha haijawahi kuziba pengo la kibali.

"Oa kule, au olewa kule, mambo yamekwisha."

Si kweli Kenya. Tanzania inategemea wewe ni mume au mke. Kenya, aliyefunga ndoa na raia anasubiri ndoa itimize miaka saba ndipo aombe kuandikishwa, awe mwanamume au mwanamke. Tanzania, mke mgeni wa raia anaweza kuomba wakati wowote mumewe angali hai. Mume mgeni wa Mtanzania hakuwekewa mlango huo. Anarudi kwenye foleni ya kawaida ya kuhesabu miaka. Ni dhuluma kwa mabinti wa Tanzania, nami sioni sababu ya kuipamba. Kenya nayo ilikuwa na ubaguzi wa namna hiyo mpaka Katiba ya 2010 ilipouondoa, kwa hiyo jambo hili linawezekana kurekebishwa.

"Mtoto akizaliwa kule, ni wa kule."

Si kweli. Kenya hutazama wazazi: mtoto ni raia wa kuzaliwa ikiwa baba au mama alikuwa raia siku ile, awe amezaliwa Kisumu au Muscat. Kuzaliwa ndani ya mipaka pekee hakutoshi. Wapo wanaotukosoa hapa kwa haki, kwa sababu ipo nafasi moja: mtoto aliyeokotwa nchini, anayeonekana kuwa chini ya miaka minane na ambaye wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia. Tanzania, maafisa wa Uhamiaji hutaka kujua ni mzazi yupi aliye raia. Cheti cha kuzaliwa kitunze sana, ila usikitwishe mzigo kisioweza kuubeba.

"Pasipoti ya Afrika Mashariki inatufanya sote raia wamoja."

Si kweli. Kitabu kile cha buluu hutolewa na kila nchi kwa raia wake yenyewe. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inakurahisishia kuvuka, kufanya kazi na kufungua biashara. Uraia haumo.

"Shamba likiwa na hati yangu, uraia unafuata."

Si kweli, ni kinyume. Uraia ndio unaoamua aina ya hati. Asiye raia nchini Kenya hupangishwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99.

"Wamakonde na Wapemba walipewa bila vibali. Zamu yetu inakuja."

Kisa ni cha kweli. Tumaini linalojengwa juu yake si la kweli, na hapa naomba tukae kidogo.

Wamakonde walifika pwani ya Kenya tangu miaka ya 1930, wengi wakitokea Msumbiji, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Walizaa, wakazika, wakachonga vinyago vinavyopamba hoteli, na nchi ikawa haiwajui. Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale hadi Ikulu ya Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa jamii ya 43 ya Kenya. Jamii nyingine, Washona, ilifuata, tangazo likitolewa Desemba 2020. Wapemba, wavuvi waliovuka kutoka kisiwani na kujikita zaidi Kilifi, walitambuliwa 2023.

Sasa tazama bei. Mvuvi wa Kipemba wa Kilifi alijua mwamba na mkondo kuliko ramani yoyote, lakini bila kitambulisho hakuweza kupata leseni ya uvuvi kwa jina lake. Laini ya simu ilisajiliwa kwa jina la rafiki. Benki ilikuwa ya wengine. Mtoto alifika mwisho wa shule akakuta ukuta. Maisha hayo yalirithishwa kutoka babu hadi mjukuu. Na sheria iliyowasaidia iliandikwa kwa watu wasio na nchi na kwa waliohamia Kenya kabla ya 12 Desemba 1963. Wewe uliyevuka Horohoro mwaka 2011 na pasipoti ya Tanzania mfukoni humo katika kundi hilo.

Tanzania nayo ilifanya jambo kubwa: Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Zaidi ya 162,000 walipewa uraia, vyeti vikianza kugawiwa 2014. Ulikuwa uamuzi wa taifa kwa wakimbizi wa zaidi ya miaka 40. Ni wa kupongezwa. Hauombwi dirishani.

"Chukua kitabu cha pili, hiki cha kwanza kikae kabatini. Nani atajua?"

Si kweli, na ni hatari hasa kwa Mtanzania. Kenya inaruhusu uraia pacha; Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao. Mtanzania aliyefikisha miaka 18 akijipatia uraia wa Kenya kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma kisheria, hata kama pasipoti bado iko kabatini. Mkenya anayeomba uraia wa Tanzania lazima aukane ule wa Kenya. Aliyekuwa Mkenya wa kuzaliwa anaweza kuuomba tena baadaye, Katiba inamruhusu. Lizungumzeni kwanza nyumbani, na wazee wawepo, kabla hamjatia saini.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Kweli kabisa. Waliosema hivyo walikuwa wameona mbali, kwani sheria ya Tanzania inauliza swali lilelile kwa maneno mengine: mwombaji amechangia nini katika uchumi wa nchi, katika sayansi na teknolojia, katika ustawi wa jamii na utamaduni? Jembe lako ni lipi? Maombi yenyewe yanatangazwa gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze, na hujadiliwa kuanzia ngazi ya kata. Wazee wa busara waliotuambia tuishi vizuri na majirani walikuwa wakitupa ushauri wa kisheria. Uliyemsaidia kuchimba kisima, uliyezika naye, anaweza kuwa ndiye atakayeulizwa habari zako.

Na ujue kwamba Tanzania, Waziri akikataa halazimiki kukueleza sababu, na uamuzi wake ni wa mwisho. Kwa hiyo ombi liende likiwa limekamilika mara ya kwanza.

"Kuna mtu ofisini. Mpe kitu kidogo, au ujiandikishe kama mtoto wa shangazi."

Si kweli kwamba hiyo ni njia. Ni deni. Katiba ya Kenya, ibara ya 17, inaruhusu uraia wa kuandikishwa ufutwe ukigundulika ulipatikana kwa udanganyifu, kwa maelezo ya uongo au kwa kuficha jambo. Inaweza kugundulika baada ya miaka 20, wakati una nyumba, wajukuu na kaburi la mwenzako upande ule. Na shangazi aliyekuandikisha kwa huruma anabaki na kosa la kusema uongo mbele ya serikali.

Fundi wangu wa Tanga alifanya kibali kipya wiki ileile, akaendelea kuhesabu kutoka ile minne. Kama unaishi upande wa pili wa mpaka, fungua mkebe wako jioni hii, vipange vibali kwa tarehe, na usome siku ambayo cha mwisho kinaisha.