Kompyuta ya Linux Inapokataa Kusasishwa

Aghalabu mtu atumiaye kompyuta ya mezani yenye mfumo wa Linux, hasa Debian au Ubuntu, hukutana na tatizo la kusasisha programu saa asiyoitazamia: ameketi kuanza kazi, ameandika nywila yake, ameruhusu masasisho yaendelee, na ghafla kioo kinajaa maandishi yanayomwarifu kwamba shughuli imeshindikana. Wengi hapo huingiwa na hamaki, wakanakili amri ya kwanza waliyoikuta katika intaneti na kuitekeleza bila ya kujua maana yake. Nawasihi wasifanye hivyo, maana katika mfumo huu sehemu kubwa ya yale yanayodhaniwa kuwa ni uharibifu ni makatazo yaliyowekwa kwa makusudi, na makatazo hayo ndiyo yanayoihifadhi kompyuta isiharibike kweli.

Debian, iliyoasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, na Ubuntu, iliyochipuka kutokana nayo mwaka 2004, hazimwachi mtumiaji azunguke huku na huku akiokota programu mojamoja. Huzikusanya katika maghala, na kila programu hufungwa katika kifurushi chenye maelezo ya vifurushi vingine inavyovitegemea. Amri ya apt update haisakinishi kitu chochote, bali huleta orodha mpya ya yaliyomo ghalani. Amri ya apt upgrade ndiyo ipakuayo vifurushi na kuvikabidhi kwa dpkg, ambayo hukifungua kila kimoja, huyaweka mafaili mahali pake, kisha hukitengeneza kiwe tayari kwa kazi. Na kila hatua huiandika katika daftari lililomo ndani ya saraka ya /var/lib/dpkg.

Daftari hilo lina faida kubwa kwetu sisi ambao umeme wetu hauna ahadi. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huzimika papo hapo umeme ukatikapo, na ikiwa ilikuwa katikati ya kusasishwa, baadhi ya vifurushi hubaki vimefunguliwa lakini havijatengenezwa. Umeme ukirudi, apt hukataa kuendelea na kazi nyingine yoyote, na mwenye kompyuta hudhani kwamba hana budi kusakinisha mfumo wote upya. La hasha! Daftari linajua kila kifurushi kiliachwa katika hatua gani. Amri ya sudo dpkg --configure -a huifuata kazi pale ilipokatikia na kuimaliza. Na kama kifurushi fulani kimekosa wenziwe kinaowategemea, amri ya sudo apt --fix-broken install huwatafuta na kuwaleta. Nimeona kompyuta nyingi zilizohukumiwa kufutwa zikasimama tena kwa amri hizi mbili tu.

Katazo la pili ni la kufuli. Programu mbili haziruhusiwi kuliandika daftari kwa wakati mmoja. Ile iliyotangulia huweka kufuli, na ya pili huambiwa ingoje. Kwa kuwa Ubuntu hupokea masasisho ya usalama yenyewe kwa siri bila ya kuulizwa, mara nyingi mtu huiwasha kompyuta asubuhi, akafungua terminali na kukuta kufuli imekwisha kushikwa. Matoleo ya siku hizi ya apt hutaja hata jina na nambari ya programu iliyoishika. Dawa yake ni subira ya dakika chache. Walakini ushauri ulioenea mno ni kulifuta faili la kufuli, na huo ni ushauri wa hatari kubwa, kwani kulifuta hakuisimamishi programu iliyo kazini, bali huifungulia njia nyingine iandike katika daftari lilelile, na daftari likivurugika, ile amri ya kukamilisha kazi iliyokatika haina tena pa kuanzia.

Diski iliyojaa nayo huleta fadhaa yake. Katika kompyuta nyingi ambazo diski yake imesimbwa kwa nywila, saraka ya /boot hutengewa eneo dogo la peke yake, na humo hukaa viini vya mfumo, kila kimoja pamoja na faili lake la kuwashia lenye megabaiti nyingi. Kiini kipya hakikifukuzi cha zamani mara moja, kwa hekima kwamba kipya kikishindwa kuwaka, mtu aweze kurudi kwa kile kilichotangulia. Lakini vikilimbikizana, nafasi hukwisha na kila sasisho hukwama hapohapo. Amri ya df -h /boot huonyesha hali ilivyo, na sudo apt autoremove --purge huondoa viini visivyohitajika tena. Asiviondoe mtu kwa mkono kwa kubahatisha. Na akilazimika, atazame kwanza kwa uname -r kiini kinachotumika wakati huo, asije akakifuta hicho.

Ipo taksiri nyingine ambayo watu huihangaikia siku nzima, ilhali chanzo chake ni betri ndogo ya mviringo ya volti 3 iliyo katika bodi kuu. Betri hiyo ikifa, kila kompyuta ichomolewapo saa yake hurudi miaka mingi nyuma. Orodha za ghala zina tarehe, na apt ikiona tarehe ya orodha iko mbele ya saa yake, huikataa kwa hoja kwamba haijafikia wakati wa kutumika. Mtu huilaumu intaneti, huibadili laini, hununua bando jipya, na kumbe angeandika timedatectl angeona kwamba kompyuta yake ingali inaishi katika mwaka uliokwisha kupita.

Ukali huo wa kukagua si wa bure. Tangu Debian 4.0 ya mwaka 2007, apt huhakiki sahihi ya kila ghala kabla ya kuliamini, na onyo la kukosekana kwa ufunguo halifai kunyamazishwa kwa kuuzima ukaguzi. Lakini sahihi peke yake haitoshi. Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya kubana data iitwayo xz yalikuwa yametiwa mlango wa siri. Naye aliugundua kwa kuwa kuingia katika kompyuta kwa njia ya ssh kulichelewa takriban nusu sekunde. Debian ya kawaida, ambayo haina pupa ya matoleo mapya, ilisalimika; waliofikiwa ni wale wa matoleo ya majaribio. Nao waliokolewa kwa sasisho, lililopewa nambari 5.6.1+really5.4.5, yaani programu ya zamani iliyovishwa nambari kubwa ili apt ikubali kuipokea. Yule ambaye kompyuta yake ya majaribio ilikuwa imekwama siku hizo, alikaa na mlango wazi wakati wenziwe wamekwisha kuufunga.

Si kila kinachobaki nyuma ni ugonjwa. Ubuntu hutoa baadhi ya masasisho kwa awamu, kompyuta chache kwanza kisha nyingine, na vifurushi vilivyozuiliwa kwa ajili hiyo hushuka vyenyewe baada ya siku kadhaa. Bali ghala likijibu kwamba halikioni kabisa kinachotakiwa, huenda toleo limefikia ajali yake: matoleo ya kawaida ya Ubuntu hudumishwa kwa miezi 9 tu, kisha mafaili yake huhamishiwa old-releases.ubuntu.com, na yale ya muda mrefu hudumishwa kwa miaka 5. Hapo nakala za kazi za mtu ziwekwe kwanza katika diski ya nje, ndipo toleo jipya lipandishwe. Na atakayekwama kwa sababu isiyotajwa hapa, asimpelekee fundi mstari wa mwisho wa makosa peke yake. Amfungulie faili la /var/log/apt/term.log na kulisoma kutoka juu, kwa kuwa kosa la kwanza ndilo aghalabu lililoyazaa yote yaliyofuata.