Kuosha paa la nyumba: dawa iwe kali kiasi gani?

Kabla ya masika kuanza mwezi Machi, na tena kabla ya vuli mwezi Oktoba, familia nyingi huweka ngazi ukutani na kusafisha mapaa. Ni kazi njema, maana kwa wengi wetu paa ndilo chanzo cha maji ya kunywa. Wakati wa kiangazi hukusanyika juu yake vumbi, majani makavu, kinyesi cha ndege, cha popo na cha mijusi. Penye kivuli cha mwembe huota utando wa kijani. Mvua ya kwanza huyateremsha yote hayo tangini, na mara nyingi watoto wadogo ndio wanaotangulia kuharisha.

Kwa sababu hiyo tunaulizwa mara kwa mara: dawa ya klorini tuichanganye kiasi gani? Wengi hudhani kwamba kadiri dawa inavyokuwa kali ndivyo paa linavyotakata, na wapo wanaomimina chupa nzima bila kuongeza maji. Sivyo. Ukali wa dawa huamuliwa na mambo mawili: paa limeezekwa kwa kitu gani, na maji yanayotoka juu yake yanakwenda wapi.

Klorini hufanyaje kazi?

Dawa ya maji inayouzwa madukani kwa kung'arisha nguo nyeupe, ambayo watu wengi huiita jiki, ina klorini ndani yake. Ukali wake huandikwa kwenye chupa kwa asilimia, na aghalabu huwa kati ya 3.5 na 5. Klorini ya unga inayotumika katika miradi ya maji ni kali zaidi, yaani asilimia 65 hadi 70.

Klorini huua vijidudu kwa kuviunguza, lakini haichagui. Huunguza pia majani, tope na kinyesi. Ikikuta uchafu mwingi, nguvu yake huishia hapo, na vijidudu vilivyojificha chini hubaki hai. Kwa hiyo ufagio na brashi havina budi kutangulia, dawa ifuate. Anayeanza na dawa kabla ya kusugua anamwaga fedha yake.

Kadhalika, jua na joto huipunguza nguvu. Chupa iliyokaa dirishani miezi mingi haina tena ukali ulioandikwa juu yake. Na dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji itumike siku hiyo hiyo.

Hesabu ya kuchanganya

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua ukali ulioandikwa kwenye chupa, ugawanye kwa ukali unaoutaka, kisha utoe moja. Jibu ni idadi ya makopo ya maji kwa kila kopo moja la dawa. Kwa mfano, chupa ni ya asilimia 3.5 nawe unataka asilimia 0.5. Gawanya, upate 7. Toa moja, zibaki 6. Basi kopo moja la dawa kwa makopo sita ya maji. Kama chupa ni ya asilimia 5, ni kopo moja kwa makopo tisa.

Paa la bati: dawa hafifu

Bati hupakwa zinki ili lisishike kutu, na klorini kali huila zinki hiyo. Paa litang'aa leo, lakini baada ya miaka michache kutu itatokeza mapema kuliko ilivyopaswa, na mabati mapya si bei ndogo. Kwa bati lisilo na utando, maji na brashi ya nailoni vyatosha. Brashi ya waya isitumike, kwani nayo hukwangua zinki.

Penye kinyesi kingi, tumia asilimia 0.05 baada ya kusugua. Kipimo chake ni mililita 300 za dawa ya asilimia 3.5, kiasi cha chupa moja ya soda, katika ndoo ya lita 20. Kwa klorini ya unga, ni kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa katika ndoo hiyo hiyo. Unga utiwe ndani ya maji, si maji juu ya unga. Acha dakika 10, kisha suuza kwa maji mengi. Fanya kazi asubuhi na mapema, ili jua lisiikaushie dawa juu ya bati.

Paa la vigae: kali kidogo

Vigae vya udongo au saruji havili kutu, lakini vina vitundu vidogo ambamo utando wa kijani hushika mizizi. Hapo yafaa kuanza na asilimia 0.5, kwa hesabu tuliyoonyesha. Acha dakika 15, sugua, suuza. Utando ukibaki, rudia siku nyingine kwa kipimo kile kile badala ya kuongeza ukali.

Huko Marekani, chama cha watengenezaji wa vigae vya lami hushauri kuchanganya jiki na maji nusu kwa nusu. Kipimo hicho kinahusu vigae vya lami, na maji ya mapaa hayo kwa kawaida humwagika ardhini. Tusikichukue kukipeleka kwenye bati linalojaza tangi la kunywa.

Paa la asbestosi: lisiguswe

Majengo mengi ya zamani, zikiwemo shule na nyumba za misheni, yaliezekwa kwa mabamba ya kijivu yenye mawimbi, yaliyotengenezwa kwa saruji na asbestosi. Haya yasisuguliwe wala yasioshwe kwa mashine ya maji ya nguvu. Kusugua hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo zikivutwa mapafuni huweza kuleta saratani, pengine baada ya miaka 20 hadi 40. Hapa hakuna kipimo cha dawa kinachofaa. Utando wa kijani uachwe, na ushauri wa kulibadilisha paa uombwe kwa wataalamu wa mazingira.

Kwanza, ondoa bomba la tangi

Dawa ya asilimia 0.5 ina miligramu 5,000 za klorini katika kila lita. Maji ya kunywa, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, yasizidi miligramu 5. Tofauti yake ni mara elfu moja. Hata ile hafifu ya bati huzidi kiwango hicho mara mia. Kwa hiyo, kabla ya kufungua chupa, chomoa bomba linaloteremsha maji tangini na ufunike tangi vizuri. Ondoa pia vyombo vya maji ya kuku na mbuzi, na ulowanishe mboga zilizo chini ya ukingo wa paa ili zisiungue.

Bomba likae nje hadi mvua ya kwanza ipite. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 5 litatoa lita 40, yaani ndoo mbili. Zimwagwe hizo, na ikiwezekana nyingine mbili, ndipo bomba lirudishwe. Hata baada ya hapo, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya maji kama kawaida.

Tahadhari

1. Usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, wala na amonia. Hutoa hewa ya sumu inayoziba pumzi.

2. Vaa glovu, na ukinge macho. Dawa ikiruka jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati.

3. Mtoto akinywa dawa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Chupa ya soda uliyopimia ioshwe vizuri, na dawa isiwekwe humo kamwe.

4. Usitembee juu ya paa lililolowa. Tumia brashi yenye mpini mrefu ukiwa kwenye ngazi, na mtu mwingine aishike.

5. Asiingie mtu ndani ya tangi akiwa na klorini. Hewa humo ni finyu, na mtu huweza kuzimia kabla ya kuita msaada.

Wapendwa wasomaji, kumbukeni basi utaratibu huu: bomba litoke, brashi itangulie, dawa ipimwe kwa kopo, paa lisuuzwe. Anayefuata hayo atatumia dawa kidogo, bati lake litadumu, na wanawe watakunywa maji ya masika kwa amani.