Theluji ya Brussels: Mkataba una bei, mwenye beleshi ana nini?

BRUSSELS, Ubelgiji – Theluji ikianguka hapa, usingoje manispaa ije kukusafishia mlangoni. Kanuni za polisi, ambazo tangu Aprili 2020 ni moja kwa manispaa zote 19 za mji huu, zinamtaka anayekaa katika jengo atengeneze njia ya kutosha kwa wapita kwa miguu mbele yake. Theluji irundikwe kando, isitupwe barabarani, na mifereji ya maji isizibwe. Anayepuuza anaweza kutozwa faini.

Kwa nyumba ya familia moja, beleshi na mfuko wa chumvi vinatosha. Lakini duka, hoteli au jengo la ghorofa nane haliwezi kumngoja mtu aamke. Hapo ndipo zinapoingia kampuni za usafi na bustani, zenye mikataba ya msimu wa baridi.

Mikataba hiyo ni ya namna mbili kubwa. Kuna ya bei moja kwa msimu mzima, theluji ije isije. Nyingine mteja hulipa kiasi kidogo ili awemo kwenye orodha, kisha hulipa kila mara watu wanapokuja. Zote mbili ni kama kamari na hali ya hewa. Kuna msimu theluji haionekani kabisa, na kuna siku kama Machi 12, 2013, watu walipodhani baridi imekwisha, ikaanguka theluji iliyoleta foleni za zaidi ya kilometa 1,600 nchini Ubelgiji. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, angalia mkataba unaisha tarehe gani, na nani atawajibika mtu akiteleza.

Wewe mpangaji nawe usidhani hayakuhusu. Gharama hiyo inaweza kuwemo katika zile gharama za pamoja unazolipa juu ya kodi. Omba hesabu ya mwaka uisome.

Lakini suala zito ni la yule anayeshika beleshi. Kazi ya theluji huja ghafla, alfajiri, na kampuni huhitaji watu haraka. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko wanaweza kuitwa kwa simu tu, bila karatasi yoyote. Sheria inasema vingine. Mwajiri lazima amwandikishe mfanyakazi katika mfumo wa serikali uitwao Dimona kabla kazi haijaanza, si baada ya wiki. Sheria ya Aprili 10, 1971 inamtaka pia akate bima ya ajali kazini, na bima hiyo inahusu hata ajali ya njiani kwenda au kutoka kazini.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata asiye na kibali cha kuishi nchini ana haki ya kulipwa fidia akiumia kazini. Mwajiri akiwa hana bima, taasisi ya serikali iitwayo Fedris ndiyo humlipa majeruhi, kisha humdai mwajiri. Shirika la FAIRWORK Belgium, lililoko hapa Brussels, huwashauri wafanyakazi wasio na karatasi.

Ushahidi, hata hivyo, ni juu yako. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Andika tarehe, saa, anwani ya jengo na jina la kampuni lililo kwenye gari. Tunza ujumbe wa simu uliokuita kazini. Mguu ukivunjika kwenye barafu, hayo ndiyo yatakayokusemea.