Uhaba Ndio Mama wa Bei ya Kuruka

Mwananchi afikapo dukani, Gitega au Muyinga, akaambiwa kwamba sukari imekwisha, kisha akaelekezwa kichochoro anakoweza kuipata kwa bei ya kuruka, hasira yake humwangukia mlanguzi. Ni hasira ya haki. Lakini sisi tuliokabidhiwa ulinzi wa nchi na sheria zake hatuna budi kuutazama ugonjwa huu tangu shinani.

Sukari ya Burundi hutengenezwa na kiwanda kimoja, SOSUMO, kilichoko Moso, ambacho kilianza uzalishaji mwaka 1988. Tangu hapo idadi ya watu imezidi mara mbili, na miwa haikui kwa amri. Bei rasmi ikiwa ndogo na bidhaa ikiwa haba, tofauti kati ya bei hiyo na ile ambayo mwenye shida yu tayari kulipa huwa zawadi ya yule aliyelipata gunia kwanza. Tuchukue mfano wa hesabu: tofauti ikiwa faranga 3,000 kwa kilo, gunia la kilo 50 humpa mlanguzi faranga 150,000 bila jasho.

Jambo hili halihusu sukari peke yake. Mwezi Novemba 2020, kampuni ya Sony ilitoa mashine ya michezo iitwayo PlayStation 5 kwa dola 499 nchini Marekani. Kwa kuwa vipuri vya elektroniki vilikuwa haba duniani, walanguzi walizinyakua na kuziuza kwa karibu mara mbili. Uzalishaji ulipopanuka, kufikia mwaka 2023, faida yao ilififia yenyewe.

Jirani zetu wa Tanzania nao wana funzo. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, waliendesha msako mkali dhidi ya wahujumu uchumi. Bidhaa zilizofichwa zilifichuliwa, lakini maghala yaliyokwisha kufunguliwa hayakujijaza tena. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, na maduka yakaanza kupata vitu.

Hivyo basi, msako humkamata mlanguzi, bali ni uzalishaji unaomnyima soko. Hata hivyo wajibu wetu haupungui. Katika barabara itokayo Gitega kupitia Karusi hadi Muyinga, na mbele hadi mpaka wa Kobero, askari atamkuta mama mwenye kilo mbili za watoto wake, na atalikuta lori lenye shehena iliyofunikwa. Akimsumbua yule wa kwanza na kupokea bahasha ya yule wa pili, atakuwa ameongeza gharama nyingine juu ya kila kilo, na mwananchi ndiye atakayeilipa.

Askari mwenzetu, sare uliyovaa haina bei. Usikubali uhaba uipangie bei.