Neno la Vitani si Wosia wa Uzeeni

Sheria ya Urithi ya Uganda yamruhusu mwanajeshi aliye vitani kutamka wosia kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili. Twawajua wastaafu wanaodhani kwamba maneno waliyowaachia wenzao huko Somalia yangali yana nguvu. La, hasha! Mwezi mmoja baada ya ruhusa hiyo kukoma, wosia huo hubatilika. Mzee aliyekwisha kurudi shambani, awe wa jeshi au wa polisi, sharti aandike, atie sahihi, nao mashahidi wawili watie zao mbele yake. Asipoandika, sheria humgawia: kwa marekebisho ya mwaka 2022, ukiiacha nyumba ya familia, watoto hupata asilimia 75, mjane 20. Na mama mzazi aliyekuwa akimtegemea? Yeye hugawana 4 na jamaa wengine wategemezi.