Gari likichemsha kwenye foleni, anza kukagua feni kabla ya kufungua hedi

WAFANYABIASHARA wa ndizi, wasafirishaji wa maziwa na wenye magari ya abiria mkoani Kilimanjaro wanaifahamu vizuri hali hii. Gari linatoka Himo kuelekea Moshi mjini bila tatizo na mshale wa joto umetulia. Likifika Kiboriloni siku ya soko, ambako magari hutembea hatua kwa hatua, mshale unaanza kupanda. Msongamano ukiisha na gari likikimbia tena, mshale unashuka wenyewe.

Wengi hupeleka gari gereji wakiwa na hofu, na hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea. Fundi mmoja anaondoa themostati, mwingine anabadilisha pampu ya maji, wa tatu anafungua hedi. Mwisho wa mwezi faida ya safari kadhaa imekwisha na gari bado linachemsha.

Kabla ya kununua kifaa chochote, mwenye gari anapaswa kujibu swali moja: gari hili linachemsha wakati gani? Jibu lake linaweza kumwokolea gharama kubwa.

Upepo ndio unaopooza

Injini hupozwa na maji yanayozunguka ndani yake na kwenda kwenye rejeta, ambako upepo huyaondolea joto. Gari likiwa katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa, upepo huingia wenyewe kupitia mbele. Likisimama kwenye foleni, upepo huo haupo na kazi yote inabaki kwa feni.

Kwa hiyo, gari linalochemsha kwenye foleni lakini linapoa barabara kuu kwa kawaida lina tatizo la upepo. Cha kwanza kukaguliwa ni feni na vifaa vyake, pamoja na uchafu uliozuia upepo kupita kwenye rejeta.

Gari ambalo halina shida kwenye foleni lakini linachemsha likikimbia kwenye tambarare ya kuelekea Same ni kinyume chake. Hapo maji hayazunguki ya kutosha. Huenda rejeta imeziba kwa ndani, themostati haifunguki vizuri, au pampu imechoka.

Gari linalochemsha kila mahali, na kila siku linapungua maji bila kuonekana yanakovuja, linahitaji uchunguzi wa gasketi ya hedi haraka.

Mlima nao ni foleni

Wakazi wa Marangu, Kibosho, Machame na Rombo wana jambo la ziada la kuzingatia. Gari lililobeba mikungu ya ndizi au magunia ya kahawa likipanda kwa gia ya kwanza au ya pili, injini inafanya kazi nzito huku mwendo ukiwa mdogo. Joto linakuwa jingi na upepo kidogo. Feni iliyochoka, ambayo mjini inavumilika, huumbuka kwenye kona za mlimani.

Aidha, maji huchemka mapema kadiri unavyopanda. Pwani maji huchemka kwa nyuzi joto 100. Moshi mjini huchemka kwa nyuzi zipatazo 97, na karibu na lango la Marangu, ambako ni zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95, hivyo nafasi iliyobaki ni ndogo mno.

Kinachookoa ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima hubana mvuke ndani na kuyafanya maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110, hata huko juu. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, kinga hiyo inapotea. Huu ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa katika mfumo mzima, lakini ndio unaosahauliwa. Ukinunua mpya, hakikisha namba iliyoandikwa juu yake, kwa mfano 0.9 au 1.1, inalingana na ya gari lako.

Jinsi ya kukagua

Kagua asubuhi, injini ikiwa baridi. Fungua mfuniko na uangalie kama maji yamejaa. Yakiwa na rangi ya kutu, ujue rejeta inaziba polepole.

Kwa magari yenye feni ya umeme, kama mengi ya saluni, washa injini na uiache ikiunguruma hadi ipate moto. Feni inapaswa kuwaka yenyewe kabla mshale haujapita sehemu yake ya kawaida. Isipowaka, washa kiyoyozi. Katika magari mengi feni huzunguka mara moja. Ikizunguka hapo, mota ni nzima, tafuta ubovu kwenye swichi ya joto au nyaya zake. Ikikataa kabisa, anza na fyuzi na relei kabla ya kununua mota. Usiweke mkono karibu, kwa kuwa baadhi ya feni huwaka hata baada ya kuzima gari.

Kwa Hiace za dizeli, Hilux na malori madogo ambayo feni huendeshwa na mkanda, zima injini na uzungushe feni kwa mkono. Inapaswa kuwa nzito kidogo. Ikizunguka ovyo mara kadhaa, au ukiona mafuta yamevuja kwenye kitovu chake, klachi ya feni imekufa. Kagua pia mkanda. Ukilegea sana, feni na pampu vyote hupunguza kasi.

Halafu tazama mbele ya rejeta, hasa kati yake na ile ya kiyoyozi. Vumbi, majani, wadudu na makapi hujazana hapo. Osha kwa maji ya kasi ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari hulaza vile vyembamba vya rejeta na kuziba njia ya upepo.

Kuhusu themostati, kuiondoa si dawa. Asubuhi za baridi mlimani injini huchelewa kupata moto na kula mafuta zaidi. Tena katika baadhi ya injini, ikiwamo za Toyota, themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na joto huongezeka badala ya kupungua.

Ukikwama njiani

Mshale ukianza kupanda kwenye foleni, zima kiyoyozi na ufungulie hita hadi mwisho. Kama feni ni ya mkanda, weka gia huru na ukanyage mafuta kidogo ili izunguke kwa kasi. Mshale ukifika kwenye alama nyekundu, egesha na uzime injini hata kama mzigo unasubiriwa sokoni.

Subiri angalau nusu saa kabla ya kugusa mfuniko, na utumie kitambaa kizito. Maji ya moto yanayoruka yamewaunguza wengi. Usimimine maji ya mtoni kwenye injini ya moto kwani hedi hupasuka au kupinda. Maji matupu ya kila siku nayo huleta kutu, hivyo tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi kama ilivyoelekezwa kwenye kopo.

Anayenunua gari lililotumika asiridhike kulijaribu kwenye barabara kuu tu. Aliache likiunguruma kwa dakika 20 hadi 30 huku akitazama mshale, kisha alipandishe mlimani likiwa na watu.

Kwa mfanyabiashara anayepeleka ndizi Mabibo, Dar es Salaam, foleni za kuingia jijini huja mwisho wa safari, kukiwa na joto la pwani na mzigo umeanza kuiva. Mkanda, fyuzi au mfuniko uliobadilishwa mapema Moshi ni gharama ndogo kuliko hedi inayofunguliwa njiani huku ndizi zikioza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.