Bati Linalotoa Jasho

Je, wajua kwamba bati zima, lisilo na tundu hata la msumari, linaweza kudondosha maji ndani ya nyumba? Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi, mbingu ikiwa wazi, baridi yake si mchezo. Bati hutupa joto lake angani upesi hadi likapoa kuliko hewa inayolizunguka. Chini yake, juu ya plafo, imejikusanya hewa vuguvugu iliyobeba pumzi za waliolala, mvuke wa sombe ya jioni na unyevu wa nguo zilizoanikwa ndani.

Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 hubeba hadi gramu 17 za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 10 hubeba gramu 9 na kidogo tu. Zinazozidi hugeuka matone. Asubuhi mwenye nyumba anaona doa la kahawia, anamwita fundi na lami yake. Fundi anapaka, analipwa, doa linarudi. Simlaumu: kaitiwa bati linalovuja, naye ametibu bati linalovuja. Wakati huo misumari inashika kutu na mbao zinaota ukungu.

Nyumba ya nyasi ya Bashi wa zamani haikuwa na shida hiyo, maana moshi na mvuke vilijipenyeza kwenye nyasi zenyewe. Bati halipitishi kitu, kwa hiyo hewa lazima ifunguliwe njia: matundu chini kwenye upenu, mengine juu karibu na mgongo wa paa. Hewa ya moto hupanda, hutokea juu, na kuvuta nyingine kutoka chini. Kanuni za ujenzi za Marekani hudai sehemu 1 ya uwazi kwa kila 150 za eneo la dari. Kwa nyumba ya mita za mraba 60, jumla haifiki hata nusu mita ya mraba.

Ila matundu hayo hayamwokoi anayelala na mbabula ya makala chumbani. Gesi yake haina harufu, na humuua chini ya plafo kabla haijafika juu. Huyo anahitaji dirisha, au mbabula itolewe nje.

Kisha kuna popo. Matundu yawekewe wavu wa waya, nao ufagiliwe kila kiangazi, kwa sababu vumbi la barabara zetu huuziba.